Mrejesho: Usafi wa kampaundi kwa kigunduzi cha mtawanyiko wa mwanga

Wapendwa, niliuliza kwa nini kampaundi zilezile za maktaba yetu (mkusanyiko wa sampuli za kemikali) zinaonekana safi zaidi kwenye kigunduzi cha mtawanyiko wa mwanga kuliko kwenye kile cha urujuanimno cha nanomita 214. Asanteni sana, jibu limepatikana.

Kiini ni hesabu. Kigunduzi cha mtawanyiko hupulizia kimiminika kinachotoka kwenye kromatografia (mashine inayotenganisha kampaundi) kiwe ukungu, hukausha kiyeyushi, kisha hupima mwanga unaotawanywa na chembe zinazobaki. Mwitikio wake haupandi sambamba na kiasi. Hufuata kipeo (kiasi hupandishwa kwa namba fulani, kama 9 kwa kipeo cha 1.5), mara nyingi kikubwa kuliko 1. Chukua sampuli yenye sehemu 9 za kampaundi na 1 ya uchafu. Kipeo kikiwa 1.5, uwiano wa maeneo ya vilele kwenye chati unakuwa 27 kwa 1, na usafi wa asilimia 90 unasomeka zaidi ya 96! Hilo ndilo lililotusumbua. Tumeshachora mkunjo wa usanifishaji (grafu ya mwitikio dhidi ya viasi vinavyojulikana) kwa skeli ya logi, na namba sasa zinakaribiana.

Uchafu unaovukia kirahisi haukamatwi kabisa, kwa hiyo urujuanimno na spektrometa ya masi (kifaa cha kupima uzito wa molekuli) tumevibakiza. Hata hivyo nakipenda kigunduzi hiki: kinaona kampaundi zisizofyonza mwanga, na DMSO, kiyeyushi cha kuhifadhia sampuli, huvukizwa pamoja na kiyeyushi.

Aliyeonya kuhusu bafa ya fosfati (chumvi ya kudhibiti asidi), nakushukuru kipekee. Bafa hiyo haivukizwi, hivyo tunatumia asidi fomiki.

Kinachobaki ni gradienti (mchanganyiko wa viyeyushi unaobadilika wakati wa kipimo): mwitikio hubadilika kadiri kiyeyushi cha asetonitrili kinavyoongezeka. Mwenye uzoefu wa kusawazisha hilo anisaidie.