Gari la mkononi, muuzaji ananiharakisha nilipe leo. Niingie?

MgeniBarabarani
Habari wakuu. Nataka kununua gari langu la kwanza. Nimeona moja la miaka 11, dashibodi inasoma kilometa 68,000, rangi inang'aa utadhani limetoka kiwandani jana. Bei iko chini kidogo ya mengine ya aina hiyo. Muuzaji anasema kuna watu wawili wanalitaka, hivyo nitangulize hela ya kulishikilia. Mimi kwenye boneti najua pa kuweka maji tu. Nifanyeje nipate bei nzuri bila kuliwa?

MzeeWaSpana
Mdogo wangu, hao watu wawili nawajua. Walikuwepo kwenye gari langu la kwanza, na la pili pia. Waache walinunue wao.

Nenda asubuhi, na umwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Lile la pili nililikuta la moto. Muuzaji akasema alilisogeza kumpisha jirani. Nikaamini! Kesho yake nikaliwasha likiwa baridi, likakohoa moshi wa bluu. Linakula oili. Nilibadilisha ringi za pistoni kabla sijamaliza deni nililokopa kulinunulia. Moshi ukiwa mweupe na haukomi hata injini ikipata moto, fungua mfuniko wa oili. Ukikuta utando kama maziwa, gasketi ya silinda hedi huenda imekwisha. Ondoka.

Kilometa 68,000 kwa miaka 11 ni kama 6,200 kwa mwaka. Inawezekana, ila pedali na usukani navyo viseme hivyohivyo. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma haijatembea 68,000 tu, imezidi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukiona tope, gari hilo limewahi kuogelea. Tairi nalo lina umri wake ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa bei. "Punguza bwana" haimtishi mtu. Kusanya matangazo sita saba ya gari hilohilo, mwaka huohuo, ujue linauzwaje. Kisha fundi wako, si wake, aandike kila kasoro na gharama ya kuitengeneza. La tatu nilipunguziwa thamani ya matairi manne na shokapu mbili. Sikubishana, nilisoma karatasi nikanyamaza. Kunyamaza kule kulinitoa jasho kuliko kushusha gia boksi.

DadaKlachi
Mzee kasahau makaratasi. Linganisha namba ya chesesi kwenye bodi na kwenye kadi, herufi kwa herufi, na anayepokea hela awe ndiye mwenye jina kwenye kadi. Halafu fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaificha.

MgeniBarabarani
Asanteni sana. Nimempigia, nikamwambia nakuja kesho saa moja asubuhi na fundi, asiliwashe. Ghafla kesho ana safari. Ila anasema bei inazungumzika.

MzeeWaSpana
Na wale wawili?

MgeniBarabarani
Hajawataja tena.