Injini ya mvuke imeandikwa GARRETT LEISTON, iko Magu, nani anajua historia ya hawa watu?

mtoto_wa_kirumba
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa Magu kwa mama mdogo, sasa nyuma ya jengo la zamani la kuchambulia pamba kuna dude limelala kwenye majani, boila refu la kulala, silinda juu yake, gurudumu kubwa ubavuni, na chini magurudumu manne ya chuma. Limeandikwa RICHARD GARRETT & SONS LEISTON. Wazee wanasema lilizungusha mashine za pamba enzi za Wahindi, na wanunua skrepa wameshaanza kulizunguka. Ndio hao wa vichwa vya treni vya Garratt?

fundi_chuma_igoma
Hapana mkuu, ni watu tofauti. Wa treni ni Herbert William Garratt, injinia, na vichwa vyake vilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester. Hawa wako ni ukoo wa wahunzi, Richard Garrett alianza Leiston, Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1778, anafua mundu na vyuma vya shambani basi. Baadaye wakawa na kiwanda chao cha kusubu chuma, wakaingia kwenye mashine za kupandia na kupuria nafaka, halafu mvuke. Baba Richard, mtoto Richard, mjukuu Richard, ukisoma unachanganyikiwa. Huyo wa tatu ndiye mjanja, alienda maonyesho makubwa ya London 1851 akaona Wamarekani wanavyotengeneza vitu kwa wingi, akarudi 1852 akajenga jengo refu linaitwa Long Shop, boila tupu linaingia upande mmoja, linasogezwa katikati ya jengo, mafundi wa pembeni na wa ghorofani wanaongeza silinda, gurudumu, dohani, ukifika mlango wa pili injini imekamilika. Henry Ford hata hajazaliwa!

Mama_Bukoba
Ongezea na wanawake bwana, mbona mnawaruka. Elizabeth Garrett Anderson, aliyepata leseni ya udaktari Uingereza 1865 wakati vyuo vinawafungia wanawake milango, ni wa ukoo huo huo. Mdogo wake Millicent Fawcett akaongoza kudai haki ya wanawake kupiga kura. Mie hao wananivutia kuliko boila.

ng'wana_magu
Hiyo ni injini ya kukokotwa, haitembei yenyewe. Kwao ilivutwa na farasi, huku kwetu ungefunga ng'ombe. Ukishafika unachochea kuni au mabua, moto unapita kwenye mirija iliyozungukwa na maji, mvuke unasukuma pistoni, unafunga mkanda kutoka gurudumu kubwa mpaka kwenye mashine, basi kazi inaanza. Dohani inalazwa wakati wa safari isigonge matawi. Sehemu haina umeme wala mafuta, kuni zipo, hapo mwenye hilo dude alikuwa tajiri aisee.

kijana_nyegezi
Dizeli ndio ikawaua

fundi_chuma_igoma
Dizeli ilichangia ila mimi nalaumu zaidi walichofanya 1919, waliingia kwenye muungano wa viwanda unaitwa Agricultural and General Engineers, ukafilisika 1932 ukawavuta nao shimoni, miaka zaidi ya 150 ya familia ikaishia hapo. Na kichekesho ni kwamba walionunua kiwanda ni Beyer, Peacock, hao hao wa vichwa vya Garratt, kwa hiyo mleta mada hukuwa mbali sana! Kikaendelea chini ya wenye mali wapya mpaka miaka ya 1980 hivi kikafungwa, Long Shop sasa ni makumbusho.

mtoto_wa_kirumba
Duh asanteni. Kwa hiyo niwazuie hao wa skrepa?

fundi_chuma_igoma
Wahi kabla hawajaja na gesi ya kukatia. Piga brashi ya waya kwenye silinda na kwenye mlango wa mbele wa boila, tafuta namba iliyogongwa, ukiipata waandikie makumbusho wakusaidie kujua ni ya mwaka gani. Na ongea na mwenye kiwanja kwanza, usije ukaonekana na wewe unataka kuuza.