Naomba ushauri: mungu wa kike niliyembuni kwa ajili ya riwaya hana uhai

MpikaHadithi
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya nchi ya kubuni ambayo watu wake wanaishi kwa kuchemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi za kando ya mto. Wanamwabudu mungu wa kike anayeitwa Nyamunyu. Aliumba ulimwengu kwa machozi yake, ni mama wa wote, ana huruma, na makuhani wake ni wanawake pekee. Rafiki yangu amesoma sura za mwanzo akaniambia wahusika anawaona, mto anauona, ila Nyamunyu hamwoni. Kwake ni mungu yeyote yule aliyevishwa kanga.

Naipenda sana hadithi hii na sitaki kumfuta. Nifanyeje dini yake iaminike? Je, ni lazima makuhani wawe wanawake? Halafu nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu, na mama ana wasiwasi kwamba mwanawe anabuni miungu. Wenye uzoefu naomba mawazo.

BintiKigezi
Karibu sana. Mimi tatizo naliona kwenye hiyo huruma. Umetueleza Nyamunyu yukoje, hujatuambia watu wanamwendea na shida gani, wala kwa nini wanamwogopa.

Huku kwetu Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Rwanda, alikuwapo mungu wa kike Nyabingi. Alimpanda mtu akasema kupitia kinywa chake. Wasemaji wake waliitwa bagirwa, wanawake kwa wanaume, na watu waliwapelekea ng'ombe, mbuzi na pombe ili waepushwe na balaa. Muhumuza, aliyejulikana kama mjane wa Rwabugiri, mwami (mfalme) wa Rwanda, alikusanya watu kwa jina la Nyabingi hadi Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Walimweka Kampala, akafia huko 1945. Jina lenyewe lilivuka bahari mpaka Jamaica, na Warastafari wanalo kwenye ngoma zao hadi leo. Mungu mpole mtupu asingefika mbali hivyo.

Nyamunyu anadai nini? Akinyimwa anafanya nini? Anzia hapo, habari za machozi na uumbaji zitasubiri.

MzeeWaMaktaba
Fuata riziki, mwanangu. Soma Matendo ya Mitume 19. Demetrio, mfua fedha wa Efeso, alipowakusanya mafundi wenzake hakuanza na utukufu wa Artemi. Alianza na kipato chao cha kutengeneza vihekalu vya fedha, ndipo akaja kwenye heshima ya mungu huyo. Mji ukapiga kelele muda wa kama saa mbili. Sasa katika nchi yako, nani anafinyanga vyungu? Nani anachukua fungu la chumvi kwa jina la Nyamunyu? Watu wakimwacha, nani atalala njaa?

Kisha nenda Yeremia 7 na 44. Nabii anaikemea ibada ya mungu wa kike aliyeitwa malkia wa mbinguni, lakini katika kukemea anatuonyesha nyumba nzima ikiwa kazini: watoto wanaokota kuni, baba wanawasha moto, wanawake wanakanda unga wa mikate yake. Na alipowakabili Wayahudi waliokimbilia Misri, walimjibu kwamba tangu walipoacha kumfukizia uvumba ndipo walipopungukiwa na kila kitu. Ni jibu la watu walioonja vita na njaa. Mpe mhusika wako hoja nzito kama hiyo, hata kama wewe mwenyewe huiamini.

MpikaHadithi
Shikamoo mzee, na asante sana dada. Kuna kitu kimenijia. Masika mto unafurika na kufunika chemchemi, kazi ya chumvi inasimama mpaka kiangazi. Inaweza kuwa masika Nyamunyu hayupo?

SemeniPangani
Hapo hapo! Hiyo ndiyo kalenda ya dini yako. Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, walisimulia mungu wao wa kike Inanna akishuka kuzimu, akipita malango saba na kuvuliwa kitu katika kila lango mpaka akafika mtupu. Mungu anayeondoka anaacha maswali matamu kwa mwandishi. Masika watu wanaapa kwa nani? Ndoa zinafungwa? Mtoto akizaliwa wakati huo anapewa jina, au anasubiri?

Kuhusu makuhani, usidhani mungu wa kike huleta utawala wa wanawake. Athena ndiye aliyekuwa mlinzi wa Athens na kuhani wake alikuwa mwanamke, lakini wanawake wa mji ule hawakuwa na kura. Kule Roma ya kale, Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, alitumikiwa na wanawali sita waliochukuliwa wangali watoto wa miaka 6 hadi 10, wakatumika miaka 30. Waliheshimiwa mno hadharani, na aliyevunja kiapo cha ubikira alizikwa hai. Mimi ningemfuata msichana aliyechaguliwa na hataki.

AbuSalim
Nitasema tofauti na wenzangu. Mama yako ana haki ya kuogopa. Unaweza kuandika maisha ya wachemsha chumvi, kazi yao na ugomvi wao, bila kubuni mungu. Fikiria tena, ndugu yangu.

UkhtiMwanahawa
Kaka AbuSalim, nakuheshimu, ila Qur'ani yenyewe katika Sura An-Najm inawataja Lata, Uzza na Manata, miungu ya kike ya Waarabu kabla ya Uislamu, kwa majina, huku ikiwakanusha. Kusimulia ibada si kuiabudu. MpikaHadithi, jiwekee mpaka: usichukue dua wala majina matukufu ya dini iliyo hai ukampa Nyamunyu. Mtungie maneno yake. Na mama usibishane naye, msomee sura moja kwa sauti.

MpikaHadithi
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. AbuSalim, nimekusikia pia, na mama nitamsomea kabla sijaendelea.

Naanza upya hivi: Nyamunyu anadai chumvi yote ya chungu cha kwanza cha kiangazi, inarudishwa mtoni hata mwaka wa njaa. Anayeimwaga ni msichana mmoja, na mama yake ndiye mfinyanzi mwenye madeni. Hayo machozi ya uumbaji nimeyaondoa.

Ombi la mwisho. Kama kuna mtu humu mwenye wazee wa Uvinza, kule Kigoma, waliowahi kuchemsha chumvi kwa vyungu, naomba aniambie: chungu kilikaa motoni muda gani, kuni za mti gani zilipendwa, na moshi ule uliwafanya nini macho na mikono?