Joto la miaka milioni 56 iliyopita lilipimwaje?

Swali: Wakuu, wanasema miaka milioni 56 iliyopita dunia iliongezeka joto kwa nyuzi 5 hivi. Walijuaje?

Jibu la 1: Kwa magamba ya foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja. Maji yakiwa na joto, oksijeni nzito (ile yenye atomi zenye uzito zaidi) hupungua kwenye gamba.

Jibu la 2: Naongezea, maana hii ndiyo kazi yangu. Nayachambua magamba hayo kwa brashi chini ya hadubini, mengi ni madogo kuliko punje ya mchanga, na bado nastaajabu. Mwaka 1991 wanasayansi Kennett na Stott walisoma mashapo ya bahari karibu na Antaktika: hata maji ya kina kirefu yalipata joto, na spishi nyingi za foraminifera wa sakafu ya bahari zikatoweka.

Muulizaji: Barafu nayo si hubadili kiasi cha oksijeni nzito baharini?

Jibu la 2: Hubadili, umeuliza la msingi kabisa. Ila wakati ule hapakuwa na barafu kubwa ya nchi kavu, na magnesi ndani ya gamba hutoa kipimo cha pili. Kinachonisumbua mimi ni tindikali: kaboni ilipojaa baharini, chokaa ya magamba iliyeyuka, kwa hiyo kwenye kina kirefu mara nyingi tunakuta udongo wa mfinyanzi mtupu.