Condere: kuanzisha mji na kuchoma upanga, ni kitenzi kilekile?

Mwanafunzi wa Lang'ata

Habari zenu wapenzi wa Kilatini. Nasoma falsafa hapa Lang'ata na muhula huu tuko kwenye Aeneid ya Virgil, utenzi wa Kilatini kuhusu Enea, shujaa wa Troya aliyekwenda Italia. Jumamosi jioni tunakutana wachache katika ukumbi wa parokia, kila mmoja na kifungu chake cha kutafsiri kwa Kiswahili. Mimi nimepewa mwanzo na mwisho.

Mstari wa 5 wa kitabu cha kwanza unasema Enea aliteseka sana vitani *dum conderet urbem*, yaani mpaka auanzishe mji. Kisha kitabu cha 12, mstari wa 950, Turno, adui yake, yuko chini akiomba huruma, Enea anauona begani pa Turno mkanda wa Pallas, rafiki yake aliyeuawa na Turno, na *ferrum adverso sub pectore condit*. Anamchoma upanga kifuani. Kamusi inaniambia vyote viwili ni *condo, condere, condidi, conditum*. Je, Virgil alikusudia tuvisikie pamoja, au ni neno tu lenye maana nyingi? Nikiandika "aanzishe" huku na "akamchoma" kule, naona kama nimempokonya msomaji kitu.

Mwalimu mstaafu, Kangemi

Mwanangu, umegusa penyewe. Nimefundisha Kilatini seminari ndogo miaka mingi, na kitenzi hiki bado kinanisisimua.

Anza na shina: *con-* pamoja na *do*, hapa kwa maana ya kale ya kuweka. Kuweka pamoja, kuweka ndani, kuweka mahali pa kukaa. Ndiyo maana mshairi Horace anamwambia Maecenas, mfadhili wake, kwamba divai ile ya Sabini ameitia mwenyewe mtungini na kuiziba: *conditum*. Katika Georgica, shairi jingine la Virgil, 2.507 (kitabu cha 2, mstari wa 507), kuna mtu anayeficha mali yake na kuilalia dhahabu aliyoifukia: *condit opes*. Katika Aeneid 3.68 wanamzika Polidoro, mwana wa mfalme wa Troya aliyeuawa, na Virgil anasema roho yake wameiweka kaburini, *condimus*. Mshairi naye hu-*condere* shairi, kama sisi tunavyosema kutunga.

Kwa hiyo ndiyo, maana ni nyingi. Lakini angalia neno linavyokaa. *Conderet urbem* inafunga mstari wa 5. *Condit* nayo inafunga mstari wa 950, na *fervidus*, "akiwaka hasira", linarushwa mwanzo wa mstari unaofuata. Shairi zima tumeahidiwa kwamba kuna kitu kitawekwa katika ardhi ya Italia, na 1.33 inarudia: kazi ilikuwa nzito kiasi hicho, *Romanam condere gentem*. Tunafika mwisho, mji haujajengwa. Kilichowekwa ni upanga, ndani ya mtu aliyekuwa akiomba uhai. Siamini hata kidogo kwamba Virgil hakulisikia hilo.

Baadaye mshairi Ovid naye anaandika hivi juu ya shujaa Ajax anayejiua kwa upanga: *letalem condidit ensem*. Matumizi hayo yakabaki.

Msomaji wa Livy

Naongeza upande wa historia. *Ab urbe condita*, "tangu mji kuanzishwa", ndiyo hesabu ya miaka ya Roma, na kwa hesabu ya Varro, msomi wa Kirumi, inaanzia 753 KK. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kwa Mroma ulikuwa mwaka wa 2652. Livy mwenyewe, mwanahistoria wa Roma, kwenye dibaji ya kitabu chake, anazungumzia mambo ya *ante conditam condendamve urbem*: kabla mji haujaanzishwa, au haujafikiriwa kuanzishwa. Hapo hakuna damu wala kaburi, ni kuanzisha tu. Msilitwike neno mzigo wa Virgil kila mahali.

Na muwe macho na *condio*, kukoleza kwa viungo. *Condītus* yenye i ndefu ni chakula kilichokolezwa, *condĭtus* yenye i fupi ni kilichowekwa. Kwenye maandishi bila alama zinafanana kabisa.

Mtunzi wa Eastleigh

Mimi ni mtu wa mashairi, Kilatini changu ni cha kuokoteza. Lakini Kiswahili tunacho *kukita*. Nguzo hukitwa, kambi hukitwa, mizizi hukita, na kisu hukitwa. Jaribu: "hata akaukita mji", halafu "akaukita upanga kifuani mwake". Sikio litakumbuka.

Mwanafunzi wa Lang'ata

Asanteni sana, na hasa wewe mwalimu. *Kukita* nimeichukua, Jumamosi naisoma hivyo. Swali moja: 6.792, Augusto *aurea condet saecula*. Nako nikite?

Mwalimu mstaafu, Kangemi

Hapo hapana, enzi haikitwi. Andika "ataasisi enzi za dhahabu". Ila pembeni weka alama, kwa sababu Lucretius, mshairi aliyemtangulia Virgil, 3.1090, ana *condere saecla* kwa maana ya kuzimaliza: ishi upendavyo, zipitishe enzi ngapi utakazo, kifo cha milele kinakungoja palepale. Na kwenye Ecloga ya 9, shairi la Virgil la wachungaji, mchungaji anakumbuka akiwa mtoto alivyoimba mpaka jua linazama, *condere soles*. Virgil alimsoma Lucretius kwa makini. Wasomee wenzako mistari yote miwili kwa sauti kabla hujawapa tafsiri yako, muone wanasikia enzi inafunguliwa au inafungwa.