Mguu umepona, samasoti imenikataa. Nifanyeje?

Binti wa Pasua:

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Moshi, nacheza jimnastiki. Mtaani wanaita sarakasi na sibishani nao, maana hata mimi nilianzia kwenye halaiki ya shule ya msingi, nikiwa yule mtoto mwepesi anayepandishwa juu ya mabega ya wenzake.

Kikundi chetu tuko saba. Mazoezi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye kiwanja cha nyasi, kabla ya vipindi. Tuna magodoro mawili ya mtumba tuliyoyashonea magunia, na tairi la lori tulilolifukia nusu, juu tumelifunga vipande vya tyubu. Ukija mbio ukalikanyaga, linakurusha. Wale wa vyuo vya Marekani tunaowatazama kwenye simu wana uwanja wa mita 12 kwa 12 wenye springi chini yake. Springi yetu ni tairi la Fuso.

Samasoti ya nyuma, yaani kupinduka hewani kinyumenyume, mimi nilijifunza kwa mlima. Naupa mgongo, naruka, kichwa kinarudi nyuma, Kilimanjaro inatokea kichwa chini na theluji yake inaning'inia. Nikiiona tu, nafungua magoti, nimeshuka. Siku za mawingu nilikuwa naruka ovyo, na kocha alikuwa akinitania kwamba mimi ni jimnasti wa kiangazi. Alinikanya mara nyingi nitafute chini, nisitafute mlima. Sikumsikia.

Mwezi wa tano tukaenda Arusha, shindano dogo la vyuo vitatu, ndani ya ukumbi. Msamba wangu safi, kusimama kwa mikono safi. Ikaja ile mbio ya mwisho. Nikapiga gurudumu, nikageuka, nikaruka, nikatupa kichwa. Mabati. Taa. Mabati tena. Nikasubiri mlima.

Ikaja sakafu. Nilitua kwa ukingo wa mguu wa kulia, kifundo kikapinda kwa ndani, kikalia kama muwa unavunjwa. Pale walikuwa wanatumia hesabu ya zamani ya alama 10, ile ambayo mashindano ya kimataifa waliiacha mwaka 2006. Kuanguka kuliniondolea nusu alama, pamoja na makosa mengine nikabaki na 7.4. Kurudi Moshi nilifungiwa mguu na kanga ya mama, ndani yake barafu nne za ukwaju, maana ndizo zilizopatikana. Kabla ya Boma Ng'ombe zilikuwa zimeyeyuka zote, Coaster nzima inanuka ukwaju.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima, kano ndizo zimevutika. Nimekaa wiki tano. Sasa natembea, nakimbia, ngazi za hosteli napanda mbilimbili. Ila nikikimbilia tairi, nikilifikia nasimama. Mara mbili nimejilazimisha nikaruka, na huko juu sikujua niko wapi. Sikuona mlima, sikuona godoro. Nimeangukia mgongo zote mbili.

Mama anasema ni kijicho. Shangazi ameshanipangia maombi. Mwenzangu wa chumbani anasema niache nimalize shule. Wiki tatu zijazo tuna onyesho la kuwakaribisha mwaka wa kwanza na mimi ndiye ninayefunga kwa samasoti. Nijitoe? Kuna aliyewahi kupotea hewani akarudi?

Chai Kavu:

Mwombeni mkuu wa chuo awahamishie kilele cha Kibo ukumbini. Pole lakini dada, nimecheka kwenye ukwaju.

Fundi wa Kaloleni:

Mwanangu, mimi nilipiga sarakasi hapa Arusha miaka kumi na moja, sasa natengeneza baiskeli. Nimeshapotea hewani. Kwangu ilikuja baada ya kuanguka toka ghorofa ya tatu ya piramidi ya watu. Sikuvunjika kitu, lakini kwa miezi miwili kila nikiruka ilikuwa kama mtu amenizimia taa.

Ukijilazimisha kama ulivyofanya hizo mara mbili, unaufundisha mwili kuanguka. Usilikaribie tairi kwa sasa. Anza na kubiringika nyuma kwenye godoro, kama mtoto. Halafu daraja, viganja na nyayo chini, tumbo juu, halafu upitishe miguu ukitoka kwenye daraja. Ikikaa sawa, funga kanga kiunoni, watu wawili wenye nguvu washike ncha huku na huku, uruke ukiwa umesimama, bila kukimbia. Wasikuvute. Waende nawe tu. Siku utakayosahau kwamba wapo, ndiyo siku ya kuwaambia walegeze kidogo.

Macho nayo. Kocha wako alikuwa sahihi. Mlima uko mbali, na hauingii ukumbini. Tandika kitu cha rangi kali kwenye godoro pale unapotakiwa kutua, ukitafute hicho. Godoro unasafiri nalo popote.

Tena kaliangalieni hilo tairi. La kufukia hulala upande mmoja likipigwa na mvua za masika. Likilala, linakurusha mshazari, wewe unadhani kosa ni lako.

Mkanda Mweupe:

Nafanya kazi ya fiziotherapia. Dada, umepona kwa kipimo gani? Kupanda ngazi si kipimo cha mtu anayeruka. Simama peku kwa mguu mmoja, fumba macho, mtu ahesabu sekunde. Fanya na mwingine, ulinganishe. Kisha inuka kwa vidole vya mguu mmoja mpaka uchoke, uhesabu. Kano za kifundo zina kazi mbili: kushikilia mifupa, na kuujulisha ubongo mguu umekaaje. Zikivutika, maumivu yanaweza kuisha wakati ile habari bado inafika pungufu. Ukiruka katika hali hiyo, kichwa kina haki ya kukataa.

Na mama mwambie hivi, kwa heshima. Simone Biles, jimnasti wa Marekani, alijitoa fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, kwa tatizo la aina hii. Kwenye kuruka meza alikusudia kujizungusha kama pia mara mbili na nusu, akapotea, akaishia moja na nusu. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, lakini alibadilisha mruko wa kushukia akaweka usiokuwa na huko kujizungusha kama pia, akapata shaba. Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Aliondoa kile kilichokuwa kinamkataa, kingine akaendelea nacho.

Mpenda Haki:

Bongo jimnastiki haina hela, dada. Na Mwafrika kwenye mchezo huu ni msindikizaji. Soma.

Binti wa Pasua:

Shikamoo Mzee wa Kaloleni. Tairi limelala kweli, upande wa kushoto, upana wa vidole vinne. Tumelifukua, wavulana wamelipanga upya na mawe.

Mkanda Mweupe, nimejipima. Kushoto sekunde 41. Kulia 9, nikashika ukuta. Kuinuka kwa vidole, kushoto 26, kulia 14. Niliona aibu kwa kweli, maana wiki nzima nilikuwa natangaza nimepona. Sasa napiga mswaki nimesimama kwa mguu wa kulia, hosteli nzima wananicheka.

Mpenda Haki, Kaylia Nemour wa Algeria alichukua dhahabu ya fito Paris 2024, medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kwa Afrika. Sawa, amezaliwa na kulelewa Ufaransa kwenye vifaa kamili, hilo sikufichi, wala sitegemei kumfuata nikiwa na Fuso langu. Hela nazo sikuzitaja mimi. Na kusoma nasoma.

Onyesho nimeshamwambia kocha sitafunga kwa samasoti. Nitasimama kwa mikono, nitashuka kwa msamba, basi. Alinyamaza kidogo, akasema angeniondoa mwenyewe, alikuwa anasubiri niseme.

Mama nilimsomea ile habari ya Tokyo. Akauliza, "Na huyo naye mama yake alisema kijicho?" Maombi yapo palepale, Jumapili naenda na shangazi. Siyo vita.

Jumamosi tumeanza ya kanga. Kiunoni nilifunga ya kuazima. Ile ya mama, ya njano, tukaitandika kwenye godoro niwe naitafuta. Nimepiga kumi na mbili nikiwa nimeshikiliwa. Nane nimeiona kanga, tena nimeliona mpaka doa la ukwaju. Nne sijaona kitu. Kocha anasema hizo nne ndiyo kazi ya wiki ijayo, na tutaifanya ndani ya bwalo la chakula, madirisha yamefungwa.

Tatizo lililobaki ni kwamba nimeikanyaga kanga ikachanika pindo. Mama hajui bado.