Blogu yangu ya mambo ya ziwa watu wanaingia wanatoka kimya, nirekebishe wapi?

MtuWaKirumba
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo. Nina blogu Blogger naandika maisha ya ziwani hapa Mwanza, dagaa, sangara, bei za soko la samaki la Mwaloni, na nikienda Ukerewe kusalimia narudi na picha za kutosha. Sasa takwimu zinaonyesha watu wanaingia, wengi kwa linki ninayorusha kwenye magrupu ya WhatsApp, ila hawakai wanasepa, na komenti hakuna hata ya kutukana. Nimeweka rangi nyeusi nyuma maandishi ya njano, saa, kalenda, picha zinazojisogeza zenyewe juu, na wimbo unaopiga ukifungua. Ninunue templeti ya kulipia au nihamie WordPress kabisa?

Ngosha_Nyegezi
Huo wimbo toa leo leo ngosha wangu. Mtu yuko kwenye daladala la Buhongwa kabanwa huku na huku, anafungua linki yako mara simu inaanza kuimba abiria wote wanamgeukia, unadhani hapo atasoma? Na saa ya nini, simu si ina saa juu pale.

DadaMalimbe
Kaka linki uliyonitumia PM nimeifungua kwa simu ya kawaida tu na nimesubiri mpaka nikaenda kuangalia maharage jikoni. Shida kubwa ni picha, umeziweka kwa ukubwa wake halisi kama zilivyotoka kwenye kamera, picha moja MB 4 au 5, ukiweka kumi hapo umeshamaliza bando la mtu la siku. Zipunguze upana ziwe pikseli 1200 hivi, zipitishe Squoosh, ni bure na inafanya kazi kwenye brauza, mara nyingi zinashuka chini ya KB 200 na kwa macho huoni tofauti. Halafu pima kasi ya blogu na PageSpeed Insights ya Google, angalia upande wa simu maana wasomaji wako ndiko waliko. Hiyo njano inaonekana vizuri sibishi, ila kusoma aya ndefu hivyo macho yanachoka. Templeti usinunue, zile za Blogger za 2017 kina Contempo na Notable zinajipanga zenyewe kwenye simu.

FundiTempleti
Mi nasema hamia WordPress mapema. Blogger ni mali ya Google, siku wakiamua basi. Google+, mtandao wao wa kijamii, waliifunga 2019 na waliokuwa wanatumia komenti zake kwenye blogu zao zikapotea zote.

Ngosha_Nyegezi
Mkuu mwenzio hajapata hata komenti moja unampelekea bili ya hosting, yaani kodi ya kuhifadhi blogu, kila mwaka 😂 abaki hapo hapo, awe tu anashusha bakapu.

MamaDagaa
Mimi sio mtu wa kompyuta, nauza dagaa. Mwanangu ile habari yako ya bei niliisoma yote na nilitaka kukuuliza kitu, ikanidai niingie kwa akaunti ya Google nikaachana nayo. Halafu mwisho unaandika "toa maoni yako", maoni gani sasa? Uliza sado ya dagaa huko kwenu leo shilingi ngapi, uone kama watu wa Musoma na Bukoba hawajakujibu. Na bei iweke juu kabisa, mimi nashuka mpaka chini kupita mapicha yote ya machweo ndio nikute bei. Kingine, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa haivuti dagaa kukiwa na mwanga wa mwezi, wako kambini na simu zao hawana kazi. Vitu vyako virefu viweke siku hizo.

DadaMalimbe
Mama umemaliza 🙌 Kaka ingia kwenye mipangilio upande wa komenti ruhusu mtu yeyote, ila weka uhakiki, uzipitishe wewe kwanza kabla hazijaonekana, maana matangazo ya waganga yatajaa humo.

MtuWaKirumba
Asante mama, shikamoo. Wimbo na saa nimetoa, komenti nimefungua. Picha za machweo nimebakiza moja, hiyo mniachie tu jamani. Ila bei zinabadilika kila siku, nihariri post ile ile au niandike mpya kila mara?

MamaDagaa
Marahaba. Iwe ile ile, ili linki niliyonayo isife. Tarehe weka juu, na bei ya mabondo, vile vibofu vya sangara, pia tunaisubiri.